Kutafuta utafiti wa baada ya uzamivu Ufini: anza na fedha, si tangazo

Ukifungua kurasa za ajira za vyuo vikuu vya Ufini mwezi wa Mei utakuta nafasi kadha wa kadha za watafiti waliomaliza uzamivu. Zifungue tena Julai, utadhani nchi nzima imehama. Wengi wetu huichukulia hali hiyo kama suala la bahati, kwamba leo zipo na kesho hazipo. Bahati ina sehemu yake, lakini ndogo kuliko tunavyodhani.

Mhadhiri wa Dar es Salaam, Makerere au Moi hupata kazi kwa sababu idara ina ikama, na mtu fulani amestaafu au amehama. Ikama inabaki hata kama kiti ni kitupu. Mtafiti wa baada ya uzamivu Ufini kwa kawaida hana ikama. Nafasi yake huzaliwa siku profesa anapopata fedha za mradi, na hufa siku fedha hizo zinapokwisha. Tangazo unaloliona mtandaoni ni hatua ya mwisho ya jambo lililoanza miezi mingi nyuma, na anayekaa kusubiri tangazo huingia mchezoni dakika za lala salama.

Kuna sababu ya kisheria pia. Sheria ya Vyuo Vikuu ya Ufini, iliyoanza kutumika mwaka 2010, iliviondoa vyuo mikononi mwa serikali na kuvifanya vyombo huru vyenye mikataba yao ya ajira. Sheria hiyo inataka uprofesa wa kudumu utangazwe hadharani au ujazwe kwa mwaliko kwa utaratibu maalumu. Kwa mtafiti wa muda, chuo kina uhuru mkubwa zaidi. Vyuo vingi hutangaza kwa sera yao wenyewe, lakini si kila nafasi hupita hadharani, na nyingine hutangazwa kiongozi wa mradi akiwa tayari na mtu kichwani. Tangazo linalodumu wiki mbili, lenye masharti membamba kiasi kwamba unaweza kukisia umri wa anayetakiwa, lisikupotezee usingizi.

Ramani kwa ufupi

Ufini ina vyuo vikuu 13 vilivyo chini ya Wizara ya Elimu na Utamaduni, na kimoja cha ulinzi. Cha Helsinki ndicho kikongwe: kilianzishwa Turku mwaka 1640, kikahamia Helsinki mwaka 1828. Aalto kilizaliwa mwaka 2010 kutokana na kuunganishwa kwa chuo cha teknolojia, cha biashara na cha sanaa na ubunifu. Mwaka huohuo vyuo vya Joensuu na Kuopio viliungana kuwa Chuo Kikuu cha Ufini Mashariki, na mwaka 2019 Tampere nako kukafanyika muungano. Vingine ni Turku, Åbo Akademi, Oulu, Jyväskylä, LUT chenye kampasi Lappeenranta na Lahti, Vaasa, Lapland kilichoko Rovaniemi, Hanken, na Chuo Kikuu cha Sanaa cha Helsinki.

Nje ya orodha hiyo kuna mambo mawili. Vyuo vya sayansi tumizi, zaidi ya 20, vina wanafunzi wengi wa kigeni na majina yanayofanana na vyuo vikuu, lakini havitoi uzamivu na nafasi za utafiti wa aina hii huko ni chache. Upande wa pili, taasisi za utafiti za serikali husahaulika kabisa, na ni kosa kuzisahau. Kuna VTT ya teknolojia, Luke ya maliasili, Syke ya mazingira, Taasisi ya Hali ya Hewa, THL ya afya na GTK ya jiolojia. Watafiti wao hufanya miradi pamoja na vyuo vikuu kila siku, na mtu wa udongo au takwimu za afya anaweza kupata mlango huko kabla ya kuupata chuoni.

Milango mitatu yenye jina moja

Watu wanaposema nafasi ya baada ya uzamivu huwa wanazungumzia vitu vitatu tofauti, na kuvichanganya ndiko kunakofanya maombi mengi yaishie kwenye kikapu.

Mlango wa kwanza ni ajira ndani ya mradi wa mtu mwingine. Profesa amepata fedha, ana maswali yake tayari, na anatafuta mikono na akili. Cheo kwenye mkataba kwa Kifini ni tutkijatohtori, neno linalofaa kuwekwa kwenye kisanduku cha kutafutia kwa sababu baadhi ya kurasa za Kifini hupandishwa mapema kuliko za Kiingereza. Hapa huhitaji kubuni utafiti mpya. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba ujuzi wako unajaza pengo ambalo mradi unalo.

Mlango wa pili ni fedha zako mwenyewe, kwa jina lako, unazozileta chuoni. Chuo kinakuajiri, lakini swali la utafiti ni lako.

Mlango wa tatu ni ruzuku ya wakfu, ambayo Wafini huiita apuraha. Unapewa fedha za kuishi na kufanya utafiti, lakini si mshahara. Hakuna mwajiri. Huu ndio mlango unaowachanganya wageni kuliko yote, na nitaurudia.

Kila mlango unahitaji maombi ya sura yake. Ukituma andiko lako zuri la kurasa kumi kwa profesa anayetafuta mtu wa kuchambua data za setilaiti, umempa jibu la swali ambalo hakuuliza. Nawe ukimwandikia wakfu kwamba uko tayari kufanya kazi yoyote kwenye kundi lolote, watakushangaa.

Mwaka wa fedha wa watafiti

Mfadhili mkubwa wa utafiti huru ni Baraza la Utafiti la Ufini. Kwa Kifini bado linaitwa Suomen Akatemia, na hadi mwaka 2023 hata kwa Kiingereza liliitwa Akademia ya Ufini, kwa hiyo usishangae kukuta majina mawili ya chombo kimoja kwenye kurasa za zamani. Mwito wake mkubwa huwa wakati wa vuli. Maombi husomwa na wataalamu wa nje ya nchi, maamuzi hutoka kwa sehemu kubwa Mei na Juni mwaka unaofuata, na fedha huanza kutumika Septemba.

Hebu tazama mnyororo huo. Profesa aliyeshinda mwezi wa Juni ana miaka minne ya fedha na hana watu. Juni yenyewe inaishia kwenye sikukuu ya Juhannus, na Julai Wafini huenda kwenye nyumba zao za ziwani, simu zikizimwa kwa nia njema kabisa. Agosti wanarudi, na ndipo matangazo mengine yanapomiminika. Anayemwandikia profesa huyo wiki mbili baada ya matokeo, au mapema Agosti, anamkuta katika hali ambayo barua yenye maana hupokewa vizuri. Anayemwandikia Februari anamkuta hana la kutoa.

Matokeo hayo si siri. Baraza huchapisha majina ya waliopata, vichwa vya miradi na kiasi cha fedha. Tovuti ya kitaifa ya Research.fi hukusanya maamuzi ya ufadhili, machapisho na watafiti mahali pamoja, na unaweza kutafuta kwa neno la fani yako. Kwa fedha za Umoja wa Ulaya kuna hifadhi ya CORDIS. Baraza la Utafiti la Ulaya nalo hutangaza washindi wake: ruzuku za wanaoanza mara nyingi Septemba, za wa kati kuelekea Desemba. Ruzuku ya wanaoanza hufikia euro milioni 1.5 kwa miaka mitano, na fedha hizo haziliwi na mtu mmoja. Karibu kila mshindi huajiri.

Kuna makundi makubwa zaidi ya kufuatilia. Vituo vya umahiri hufadhiliwa hadi miaka minane. Mpango wa lippulaiva, yaani meli za bendera, umezaa makundi kama FCAI ya akili unde, 6G Flagship ya Oulu na UNITE ya misitu. Makundi haya huajiri kwa mafungu, mara nyingine kwa mwito mmoja wenye mada nyingi, na yana uvumilivu zaidi kwa mtu ambaye fani yake haiingii sawasawa kwenye kichwa cha tangazo.

Mfano wa misitu

Nadharia tupu haisaidii, basi tumchukue mtu wa kubuni aliyemaliza uzamivu Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, amepima kaboni ya miombo kwa kutumia picha za droni. Kama angeanza na tovuti ya Euraxess, ambako vyuo vya Ulaya hutangaza kazi, angeandika "forest" na kupata matangazo ya bara zima. Si vibaya kuifuatilia, lakini isiwe mwanzo.

Aanze na mahali. Joensuu, mji mdogo wa mashariki, una skuli ya sayansi za misitu ya Chuo Kikuu cha Ufini Mashariki, ofisi ya Luke, na makao makuu ya Taasisi ya Misitu ya Ulaya. Helsinki ina kampasi ya Viikki inayobeba kilimo na misitu. Kisha atazame nani kati ya watu wa huko ana fedha sasa hivi, kwa kutumia Research.fi. Kisha asome makala mbili tatu za kila mmoja, si muhtasari, hadi sehemu ya mbinu, maana hapo ndipo atakapoona wanatumia laser ya angani kwenye misonobari na hawajawahi kuijaribu kwenye msitu wenye aina hamsini za miti. Hilo ndilo pengo lake.

Na hapa Afrika Mashariki ina viungo vya kweli ambavyo watu wengi hawavijui. Chuo Kikuu cha Helsinki kina Kituo cha Utafiti cha Taita, Wundanyi, katika milima ya Taita nchini Kenya, na watafiti wake wamechapisha kwa miaka mingi kuhusu misitu, maji na matumizi ya ardhi ya eneo hilo. Chuo Kikuu cha Turku kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ardhi, SUA na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar katika mafunzo na data za kijiografia. Kwa upande wa lugha, kanzidata kubwa ya matini za Kiswahili inayotumiwa na wanaisimu duniani imetengenezwa Helsinki, chini ya Profesa Arvi Hurskainen, na inahifadhiwa katika Benki ya Lugha ya Ufini. Mtu anayetoka kwenye taasisi hizi asiandike barua kama mgeni kabisa. Amuulize kwanza msimamizi wake wa zamani ni nani aliwahi kushirikiana na Wafini. Sentensi moja ya kutambulishwa ina uzito kuliko ukurasa mzima wa sifa.

Barua ya kwanza

Wafini huandika kwa ufupi na husoma kwa ufupi. Profesa huitwa kwa jina la kwanza, na si utovu wa adabu. Kinachowachosha ni aya mbili za kumtukuza kabla ya kusema shida. Barua nzuri ina mambo machache: wewe ni nani na ulimaliza lini, ni kitu gani mahususi kwenye kazi yake kinachogusana na chako, unaweza kufanya nini ambacho kundi lake halina, na unauliza kuhusu mlango gani kati ya ile mitatu. Hili la mwisho wengi hulisahau. "Je, unatarajia kuajiri kwenye mradi wako mpya?" ni swali moja. "Je, utakubali kuwa mwenyeji wangu nikiomba fedha za Marie Curie za Umoja wa Ulaya Septemba?" ni swali jingine kabisa, na profesa asiye na senti anaweza kulijibu ndiyo.

Ukikosa jibu, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili au tatu. Kimya si tusi, lakini ukipita ukumbusho mmoja unaanza kuwa mzigo. Tangazo rasmi nalo huwa na jina na simu ya mtu wa kuulizwa. Tumia nafasi hiyo. Huku kwetu tunaogopa kupiga simu tukidhani tunaomba upendeleo. Kule ni sehemu ya utaratibu, na swali zuri hukumbukwa.

Karatasi

Nyaraka zina desturi zake. Bodi ya maadili ya utafiti, TENK, ina kiolezo cha wasifu wa mtafiti ambacho vyuo na wafadhili wengi huelekeza kutumia. Kifuate kama kilivyo: hakina picha, hakina hali ya ndoa, na kina nafasi ya kueleza mapengo ya kazi kama uzazi au ugonjwa. Orodha ya machapisho hupangwa kwa makundi ya herufi, kuanzia makala zilizopitiwa na wataalamu hadi maandishi kwa ajili ya umma wa kawaida.

Kuna mfumo unaoitwa Julkaisufoorumi, kwa kifupi JUFO, unaopanga majarida ya dunia kwa ngazi 1, 2 na 3, huku yasiyokidhi vigezo yakiwekwa 0. Umeundwa kupima taasisi, na Wafini wenyewe huonya usitumike kumpima mtu mmoja mmoja. Hata hivyo tafuta majarida yako humo, kwa sababu msomaji wako huenda akayatafuta. Kama umechapisha kwenye jarida la nyumbani lisiloorodheshwa, usilifiche. Andika mstari mmoja kueleza makala ilipitiwaje na nani anaitumia.

Wadhamini wawili au watatu wanatosha, na uwaambie mapema. Cheti cha uzamivu kwa kawaida lazima kiwepo siku ya kuanza kazi, si lazima siku ya kuomba, lakini kila tangazo lina lake. Chuo kinachoajiri ndicho huamua kama shahada yako ya nje inatosha.

Jambo dogo la saa. Afrika Mashariki na Ufini hulingana saa wakati wa majira ya joto ya Ulaya. Mwishoni mwa Oktoba Wafini hurudisha saa nyuma, na kuanzia hapo wanakuwa nyuma yetu kwa saa moja hadi mwisho wa Machi. Matangazo mengi hufungwa dakika moja kabla ya usiku wa manane kwa saa zao. Baraza la Utafiti hufunga saa kumi na robo alasiri, na mfumo haujui huruma.

Fedha kwa jina lako

Baraza la Utafiti liliwahi kuwa na ufadhili mahususi wa watafiti wa baada ya uzamivu. Uliondolewa kwenye mageuzi ya mwaka 2022 na kuunganishwa na ule wa mtafiti wa Akademia, unaodumu miaka minne na kuwalenga waliomaliza uzamivu kati ya miaka 2 na 7 iliyopita. Kurasa nyingi za ushauri mtandaoni bado zinataja mpango wa zamani. Aliyemaliza jana, basi, haingii. Isitoshe, chuo mwenyeji lazima kikubali kuchangia sehemu ya gharama, kwa kawaida karibu asilimia 30, na ndiyo maana vyuo huweka tarehe zao za ndani za kueleza nia ya kuomba kabla mwito haujafunguliwa. Ukianza mazungumzo wiki ya mwisho, hata profesa anayekupenda atashindwa.

Kwa Mwafrika Mashariki aliyeko nyumbani, mlango ulio wazi zaidi ni ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya. Uraia wowote unakubalika, mwisho wa maombi kwa kawaida ni Septemba, na unaajiriwa na chuo kwa mkataba wa hadi miaka miwili. Una sharti la uhamaji: usiwe umeishi au kufanya kazi kwenye nchi mwenyeji zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 kabla ya siku ya mwisho. Mtanzania aliyesomea uzamivu Helsinki na kubaki huko amefungiwa nje. Mwenzake wa Mbeya anapita. Ni moja ya nafasi chache ambapo umbali wetu unahesabika kama faida. Kuna pia kikomo cha miaka tangu kumaliza uzamivu, kwa hiyo soma masharti ya mwito wa mwaka husika. Aliyepata alama 85 kwa mia na zaidi lakini akakosa fedha hupewa muhuri wa ubora, ambao unaweza kumsaidia kwa wafadhili wengine.

Kwa watu wa fasihi, historia, dini, sosholojia na jirani zao, kuna vyuo vidogo vya watafiti ndani ya vyuo vikuu: Helsinki Collegium ulioanzishwa mwaka 2001, TIAS ya Turku, na taasisi ya aina hiyo Tampere. Hutoa ajira ya miaka kadhaa kwa mradi wako mwenyewe. Ushindani ni mkali sana, na sitakudanganya kuwa vinginevyo.

Sasa ruzuku za wakfu. Wakfu wa Kone, ambao ni wa mwaka 1956, hufungua mwito wake Septemba na hupenda kazi zinazovuka mipaka ya fani. Wakfu wa Utamaduni wa Ufini una mwito mkubwa Oktoba. Nessling hufadhili mazingira, Sigrid Jusélius tiba. Kuna pia hazina ya pamoja ya wakfu kadhaa yenye neno postdoc kwenye jina lake. Usipoteze wiki juu yake, kwa kuwa ni ya kuwapeleka watafiti wa Ufini nje ya nchi. Na ufadhili wa serikali wa wakala wa elimu, EDUFI, unaosambazwa sana kwenye makundi ya WhatsApp, uliundwa kwa ajili ya wanafunzi wa uzamivu, si wewe.

Ruzuku ina uzuri wake: hadi kiwango fulani haikatwi kodi, na hakuna bosi. Lakini hakuna likizo ya kulipwa wala huduma ya afya ya kazini, na pensheni hulipi kupitia mwajiri kwa kuwa huna. Mwenye ruzuku ya kufanya kazi Ufini kwa angalau miezi minne anatakiwa kujiandikisha mwenyewe, ndani ya miezi mitatu tangu aanze kazi, katika Mela, taasisi ya pensheni ya wakulima. Ndiyo, wakulima. Tangu mwaka 2009 wanaisimu, wanahistoria na wachoraji wa Ufini wako kwenye daftari moja na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Huko ndiko kunakotoka pensheni yako, bima ya ajali na posho ya ugonjwa, na michango unailipa kutoka kwenye ruzuku hiyohiyo, kwa hiyo iweke kwenye bajeti. Ukipewa hiari ya kuchagua kati ya ruzuku ya mwaka mmoja na ajira ya mwaka mmoja, na una familia, mimi ningechukua ajira.

Mshahara, mkataba na foleni inayokuja

Mishahara ya vyuo hufuata mkataba wa pamoja wenye ngazi mbili zinazojumlishwa: ugumu wa kazi na ufanisi binafsi. Mtafiti wa baada ya uzamivu kwa kawaida yuko ngazi ya ugumu 5 au 6, na matangazo mengi hutaja kati ya euro 3,500 na 4,500 hivi kwa mwezi kabla ya makato. Kodi, pensheni na bima ya ukosefu wa kazi huchukua karibu robo hadi theluthi. Kinachobaki kinakuweka vizuri Joensuu au Oulu. Helsinki kodi ya nyumba itakukumbusha uko mji mkuu. Mazungumzo ya mshahara yapo lakini ni finyu. Uliza zaidi kuhusu urefu wa mkataba, kama fedha za safari na maabara zimo, na kama kuna kufundisha. Miezi ya majaribio inaweza kufikia sita.

Kifini hakitakiwi kwa utafiti wenyewe. Kitatakiwa siku utakapoomba uhadhiri au kazi nje ya chuo, na miaka miwili hupita haraka.

Upande wa ushindani, mwaka 2024 serikali ilianza mpango wa majaribio wa kuajiri wanafunzi wapya 1,000 wa uzamivu kwa miaka mitatu, kwa euro milioni 255. Fanya hesabu: kundi hilo linatarajiwa kumaliza kuanzia mwaka 2027, wote wakiwa tayari wako Ufini, wanajuana na maprofesa, na wengi watataka kubaki. Bunge lilipitisha pia lengo la kufikisha matumizi ya utafiti na maendeleo asilimia 4 ya pato la taifa ifikapo 2030, hivyo fedha zinaweza kuongezeka, lakini watafutaji wataongezeka kwanza. Kwa wengi wao lile sharti la uhamaji la Marie Curie ni kizuizi. Kwako si kizuizi, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuanza kumtafuta mwenyeji sasa.

Ukishapata

Kibali cha kuishi unachohitaji ni cha mtafiti, kinachotolewa na idara ya uhamiaji, Migri. Ombi hujazwa mtandaoni kwa mfumo wa Enter Finland, likiambatana na mkataba wa kazi au makubaliano ya kupokewa na chuo. Mwenye ruzuku anahitaji makubaliano hayo pia. Kisha unakwenda mwenyewe kuthibitisha utambulisho na kutoa alama za vidole. Ufini ina ubalozi Nairobi na Dar es Salaam, lakini kabla ya kukata tiketi ya basi hakikisha ni kituo kipi kinachopokea maombi ya nchi yako. Mwenzi na watoto wanaweza kuomba wakati uleule, na kibali cha mwenzi kwa misingi ya familia kinampa haki ya kufanya kazi. Wengi huahirisha familia hadi "nikitulia", halafu mkataba wa miezi 24 unafika nusu watu wakiwa bado kwenye foleni.

Ukifika, wiki ya kwanza jiandikishe kwenye daftari la watu na uchukue kadi ya kodi kutoka mamlaka ya kodi, Vero. Mwajiri asiyepewa kadi hiyo hukata asilimia 60 ya mshahara. Zilizozidi zitarudi baadaye, ila mwenye nyumba atataka chake mwanzo wa mwezi.